Mrejesho: nilivyopata maegesho siku ya kongamano Posta

Habari zenu wadau. Wiki mbili zilizopita niliomba ushauri: nina kongamano la siku nzima pale Ukumbi wa Mwalimu Nyerere (JNICC), Posta, Dar es Salaam, natoka Kibamba na gari, nipaki wapi mjini bila kuumia mfuko?

Nilimsikiliza aliyesema gari lisivuke Kimara. Nililiacha kwenye eneo la maegesho lenye mlinzi karibu na Kimara Mwisho, shilingi 3,000 kutwa nzima, kisha tukaenda kupanda basi la mwendokasi saa 12 na nusu asubuhi. Kazi ilikuwa kupanda. Watu wanasukumana kweli, na nilikuwa na mama yangu ambaye goti linamsumbua. Tukayaacha mabasi mawili yapite, la tatu likaja lina nafasi, akapata kiti. Hapo ndipo nilipotulia. Tulishuka Posta ya Zamani, tukatembea polepole hadi ukumbini.

Mwenzangu mmoja alipaki barabarani, jirani kabisa na ukumbi. Kule unalipia kwa saa, na alipoangalia deni la maegesho jioni kwa namba ya gari lake, lilikuwa zaidi ya nilicholipa mimi kwa maegesho ya Kimara.

Kwa atakayefanya hivi, muulize mlinzi anafunga saa ngapi kabla hujaondoka. Wangu anafunga saa 3 usiku; tulifika saa 2 na dakika 40, moyo unanidunda. Asanteni sana, hasa dada aliyenielekeza Kimara.