Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanaandika "I am wake up at twelve o'clock"

Mwalimu_Rungwe:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, ninafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza katika shule moja ya kata hapa Rungwe, na karibu wanafunzi wangu wote wamesoma shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Wiki iliyopita, baada ya vipindi vinne vya wakati uliopo wa mazoea, niliwapa kazi ya kueleza siku yao tangu wanapoamka hadi wanapolala. Nilikuta sentensi kama hizi: "I am wake up at twelve o'clock", "My mother she milk the cow", "My brother does not goes to farm". Kanuni wanaijua na wakiulizwa wanaitaja bila kukosea, lakini wakishika kalamu inapotea. Daftari la binti mmoja nililirudisha likiwa na wino mwekundu ukurasa mzima, na tangu siku hiyo hanyooshi mkono darasani, jambo linaloniumiza sana. Nianzie wapi?

Bibi_wa_Kihesa:
Kamwene, mwalimu. Nilifundisha somo hilo hapa Iringa hadi nilipostaafu, na ninakuomba uyasome makosa hayo taratibu, kwa sababu kila moja lina chanzo chake katika Kiswahili. Mtoto anayeandika "I am wake up" ameichukua "ninaamka" akaikata vipande vitatu: ni, na, amka. Ile "na" ameipa "am", kwa kuwa alifundishwa kwamba "ninasoma" ni "I am reading". Kiswahili chetu huiruhusu "na" kufanya kazi mbili: ukisema "mama anakamua ng'ombe", msikilizaji hajui kama yuko zizini sasa hivi au ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Kiingereza kinazitenga kazi hizo. Kwa hiyo usianze na kanuni, anza na dirisha. Hapo Rungwe mvua si haba. Siku inaponyesha, waambie watazame nje waseme "It is raining", kisha uwaulize habari za Tukuyu kwa jumla, waseme "It rains a lot in Tukuyu". Wakiuona utengano huo kwa macho yao, ndipo uwaonyeshe kwamba sentensi ya pili ni ndugu wa "hu" yetu: hunyesha, huamka, hukamua.

Hata hivyo, "hu" ina mtego. Mimi huamka, yeye huamka, wao huamka: haibadiliki kwa mtu yeyote. Mtoto akiitegemea peke yake ataandika "my mother milk" kwa amani kabisa, kwa sababu hana mazoea ya kubadili chochote. Mbaya zaidi, sisi tumezoea kumtambua mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ilhali Kiingereza kinaiweka "s" mwishoni, tena kwa mtu mmoja tu asiye mimi wala wewe. Ndiyo maana insha ya "siku yangu" haiwasaidii sana, kwa kuwa imejaa "I" na hiyo "s" haihitajiki. Wape kazi ya kueleza siku ya mtu mwingine wa nyumbani.

Fundi_Mwanjelwa:
Mwalimu, mimi ni fundi saa hapa Mbeya, nami nitasema juu ya "twelve o'clock" tu. Mtoto huyo hakukosea saa, ametafsiri saa kumi na mbili kama ilivyo. Chukua saa ya ukutani, weka mshale mfupi kwenye 6. Kiingereza husoma namba ambayo mshale unaigusa, Kiswahili husoma namba inayotazamana nayo upande wa pili. Nilimwonyesha mwanangu hivyo mara moja na hajarudia kosa hilo.

Mkulima_Njombe:
Kwa heshima yako, Bibi, ninaona Kiswahili kikiingia sana darasani watoto watazidi kutafsiri neno kwa neno. Wasikie Kiingereza kitupu, watazoea.

Bibi_wa_Kihesa:
Ndugu yangu wa Njombe, hofu yako ninaielewa, lakini watoto hawa wanatafsiri tayari, tena kimyakimya, mahali ambapo mwalimu hawezi kuwasahihisha. Ninaona ni heri tafsiri hiyo ifanyike mbele yake, mara moja, kisha wazungumze Kiingereza kipindi kizima.

Mwalimu, nilisahau "does not goes". Waambie "s" ni moja tu kwa kila kitenzi: "does" ikishaibeba, kitenzi kinabaki kitupu, "does not go". Mambo ya "washes" na "studies" ni ya tahajia, na "has" ina umbo lake la pekee; yaache yaje polepole. Na tafadhali, sahihisha kosa la aina moja kwa kila kazi, mengine yasubiri zamu yake.

Mwalimu_Rungwe:
Shikamoo Bibi, na ninawashukuru nyote. Nimerudi kutoa taarifa. Jumanne mvua ilinyesha kama kawaida yake na dirisha likafanya kazi. Saa ya ukutani niliiazima ofisini, na darasa zima lilishangaa kuona namba mbili zikitazamana. Kisha niliwaomba waeleze siku ya mtu mmoja wa nyumbani, nikatangaza kwamba nitatazama "s" peke yake. Binti niliyemtaja aliandika hivi: "My grandmother wakes up at five o'clock. She picks tea. She does not sleep in the afternoon." Nilimwomba asome kwa sauti, akasimama akasoma. Kipindi kijacho ninaingia kwenye maswali ya "does", na swali la kwanza nitamwuliza yeye, juu ya bibi yake.