Ribu ya shotigani ya marehemu babu imeachia, naombeni ushauri

MkulimaMufindi
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, geji 12, Webley & Scott ya Birmingham. Ilikuwa ya babu, ikaja kwa mzee, na mzee alipofariki nilifuata taratibu zote polisi, umiliki uko kwa jina langu. Kwa hiyo hilo tusilijadili. Kazi yake ni kutishia nyani wakivamia mahindi, basi.

Shida ni ule utepe mrefu wa chuma uliolazwa juu katikati ya mitutu, mafundi wanauita ribu. Kuanzia mdomoni kurudi nyuma kama sentimita 15 umeachia. Ukiubonyeza kwa dole gumba unashuka, ukiuachia unapanda, na uwazi wake unapitisha wembe. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea mageti anasema ni kazi ya dakika tano. Mwingine kasema nimimine gundi. Nimesita. Nianzie wapi?

Kibuyu_Kitupu
Mpelekee wa mageti halafu utuwekee picha. Mwezi huu hatujacheka.

ChumaChakavu
Yangu niliitia epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya. Mwaka wa tatu huu haijabanduka. Watu mnapenda kukuza mambo.

FundiMstaafu
Marahaba, Mkulima. Wa mageti asiiguse kabisa. Ribu za bunduki hizo zimelehemiwa kwa bati na risasi (naongelea risasi ya madini, siyo ya kupigia), mchanganyiko unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Moto wake yeye unayeyusha chuma chenyewe. Akigusisha hapo mtutu unapinda, na lehemu iliyobaki inatiririka yote, ribu ya chini inafuata, na kile kishikizo cha mbao ya mbele nacho kinadondoka. Atatokea pia wa kukuambia ulehemu kwa fedha kwa kuwa ni imara zaidi. Hiyo inataka nyuzi zaidi ya 600, na kwa joto hilo mtutu unaweza kulainika. Mkatalie.

Sasa nijibu: iliwahi kutiwa rangi upya?

MkulimaMufindi
Ndiyo mzee wangu. Mwaka juzi ilikuwa imechubuka, fundi mmoja wa mjini akaichemsha kwenye dawa ya kutia weusi. Ilirudi inang'aa kama imetoka dukani. Umejuaje?

FundiMstaafu
Sikujua, nilihisi tu. Dawa ile ya kuchemsha ni kostiki soda pamoja na chumvi za naitreti, na inafanya kazi kwenye nyuzi 140 hivi. Joto hilo haliyeyushi lehemu. Kostiki ndiyo inayoila. Kisha sehemu ya dawa inabaki imejificha ndani, kati ya mtutu na mtutu, mahali ambapo hakuna kitambaa wala mafuta yanayofika. Inavuta unyevu. Na ukungu wenu wa Mufindi ule! Miaka miwili imekuwa ikitafuna chuma kwa chini huku juu kunang'aa.

Mitutu ya kulehemu hutiwa rangi kwa kutu ya polepole: unapaka dawa, unaiacha ishike kutu, unachemsha kwenye maji matupu, unapiga brashi laini, unarudia siku baada ya siku mpaka weusi ukolee. Inachosha, ndiyo maana wengi wanaikwepa.

Kwa hiyo ChumaChakavu, gundi yako huenda imeshika vizuri tu, sibishi. Ila hujui imefunika nini.

Mkulima, fanya jambo moja leo, halina gharama. Hakikisha haina risasi, ifungue, toa mbao ya mbele, ubaki na mitutu peke yake. Itundike kwa kamba kwenye ile ndoano ya chini, upande wa chemba (pale risasi inapokaa), halafu igonge kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Mitutu mizima inalia kama kengele na mlio unakawia kufa. Iliyoachia inakoroma.

MwindajiWaRuaha
Ukiwa umeitoa, soma na alama zilizo chini karibu na chemba. Ukikuta BNP yenye taji juu yake, ilipimwa uimara Birmingham kuanzia 1954 kuja huku. Kama kumeandikwa 2½, yaani inchi, chemba yake ni ya milimita 65, na risasi nyingi za dukani sasa ni za 70. Usidanganyike kwamba inaingia. Ile 70 ni kipimo cha ganda likishafunguka. Kabla ya kupigwa ni fupi, linazama bila shida, ila ukipiga linafungukia pale mtutu unapoanza kubana na shinikizo linapanda. Kwenye mtutu ulioliwa na kutu sitaki hata kuwaza.

MkulimaMufindi
Nimeigonga. Mdomoni inakoroma, nilitegemea. Lakini hata katikati, ambako ribu inaonekana imekaa, inatoa sauti ya sufuria yenye ufa. Alama ni BNP na 2½. Na nilizonazo kabatini, wakuu, ni za 70.

FundiMstaafu
Ashukuriwe Mungu umeuliza.

Basi ribu ya juu inatoka yote, siyo kipande. Tafuta fundi wa silaha mwenye leseni, na kabla hujaisafirisha pita polisi uwaeleze unaipeleka wapi. Akishaitoa, mwambie akuonyeshe chuma cha chini kabla hajasafisha, kisha apime unene wa kuta za mitutu. Mafundi wa Uingereza wengi huanza kukunja uso ukishuka chini ya nusu milimita. Kama umeshuka, hakuna cha kulehemu, inakuwa ya kutundika ukutani.

Ukiwa mzima, anakwangua, anapaka bati upya pande zote, anairudisha ribu na kuikaza kwa waya laini wa chuma kama ule wa kufungia nondo, na vikabari vidogo, anapasha taratibu kwa urefu wote. Muulize anatumia dawa gani ya kulehemu. Akisema ya asidi, muulize ataitoaje humo ndani akimaliza. Akibabaika, chukua bunduki yako.

ChumaChakavu
Nimegonga na yangu. Fundi, unapatikana mkoa gani?

MkulimaMufindi
Asante sana mzee wangu. Wiki ijayo naanza na polisi. Swali la mwisho: mahindi yameshaanza kubeba, nikipiga moja tu hewani kabla ya kuipeleka?

FundiMstaafu
Hapana.

Kibuyu_Kitupu
Gonga debe, kijana. Babu zetu waligonga debe.