Nikiflashi choo, flo trapu inakoroma na harufu ya karo inapanda

Mjenzi_Chanika
Wakuu, naomba msaada kabla sijafunga dari. Nyumba yangu huku Chanika naijenga mwenyewe kidogo kidogo, na mabomba ya bafuni nimeyalaza kwa mkono wangu. Choo kinatoka kwa bomba la inchi 4 hadi chemba, halafu karo, yaani shimo la maji taka. Sinki na flo trapu (lile tundu la sakafuni la kutolea maji) zimeungana kwenye bomba la inchi 2 linaloingia kwenye hilo la choo. Bomba la hewa sikuweka. Kila nikiflashi, flo trapu inakoroma, na usiku bafu zima linanuka karo. Mke wangu ni mjamzito, harufu hiyo inamtapisha. Vigae nimeshaweka, kuvibomoa kutaniuma sana.

Kokoto_Nyeusi
Pole mkuu. Mwaga dawa ya kuzibua kwanza, huenda saruji iliganda humo ndani.

MamaWawili
Maji yenyewe yanakwenda au yanasimama?

Mjenzi_Chanika
Yanakwenda vizuri dada, hayasimami kabisa.

Fundi_wa_Tanga
Basi achana na dawa, hapo tatizo ni hewa. Maji ya kuflashi yanashuka kwa wingi, yanajaza bomba na kuvuta hewa nyuma yake. Wewe hukuyaachia njia ya hewa, kwa hiyo yanaivuta kupitia flo trapu. Yale maji yanayokaa kwenye trapu, kama sentimita 5 hivi, ndiyo kizibo cha harufu. Yakivutwa, karo linapumulia bafuni kwako. Chukua kijiti kikavu, kizamishe kwenye trapu kabla na baada ya kuflashi, ulinganishe alama ya maji.

Vigae usiviguse. Bomba la sinki linapotoka ukutani, toa elbo (kiungo cha kona), weka tii (kiungo cha njia tatu). Chini maji yaendelee kushuka kama kawaida. Juu panda na bomba la inchi 2 mpaka lipite bati, mbali na madirisha. Mdomoni funga wavu wa mbu. Kama lazima likate kona darini, lipe mteremko wa kurudi kwenye sinki ili unyevu usitulie humo. Na nakusihi, lisiishie darini! Nimewahi kukuta limeachwa hivyo juu ya chumba cha watoto. Hewa ya karo ina sumu, tena inawaka.

MamaWawili
Ile valvu ya hewa ya kufunga chini ya sinki je? Dukani waliniambia inatosha.

Fundi_wa_Tanga
Ile inaingiza hewa tu dada, haitoi. Karo nalo linahitaji kupumua, kwa hiyo lazima pawe na angalau bomba moja lililo wazi juu ya paa.

Mjenzi_Chanika
Nimepima. Kabla ya kuflashi kijiti kililowa sentimita 5, baada ya kuflashi mara mbili hazikufika 2. Nimejaza maji kwenye trapu ili tulale leo. Kesho asubuhi naenda kununua tii, bomba na wavu. Fundi, dirisha la bafu liko upande wa mashariki, bomba nitalipandishia magharibi.

Fundi_wa_Tanga
Sawa kabisa. Ukitoboa bati, ziba vizuri pembeni mwa bomba, mvua isije ikafuata ukuta.