Wakili wa talaka na kuasili mtoto, naanzaje?

Habarini ndugu zangu, niko Morogoro, nimetengana na mume miaka mitatu sasa, hajawahi kutuma hata daftari la mtoto. Niliye naye sasa anataka tufunge ndoa kisha amuasili mwanangu, ana miaka 7 na anamwita baba. Wakili kataka laki nane mkononi, risiti hatoi, kasema talaka na kuasili vitaisha pamoja. Ni kweli jamani?

Jibu 1
Dada shika hela yako kwanza. Talaka inaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa fomu namba 3, usipoiambatanisha mahakama inakurudisha. Mimi wakili wangu alisahau kile kikaratasi, shauri likatupwa nikaanza upya na nauli juu, niliumia sana.

Jibu 2
Haviishi pamoja. Talaka hata mahakama ya mwanzo inasikiliza, kuasili ni Mahakama Kuu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisa ustawi wa jamii anafika nyumbani kuwaona. Baba mzazi lazima aridhie, ila kama alimtelekeza mtoto mahakama inaweza kuendelea bila yeye, kwa hiyo tunza risiti zote za ada na meseji ulizomwomba matumizi.

Jibu 3
Huyo wakili mtafute jina kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, kabla hujampa hata mia. Ukikwama hela, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wanasaidia wanawake bure.

Muuliza swali
Asanteni mno, kesho asubuhi naenda baraza.