Wauzaji wa suti za mvua Kisumu, "ni jasho lako" si jibu!

Wadau wa skuta na boda, naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila msimu wa mvua maduka ya mjini hadi Kondele yananing'iniza suti zenye maandishi makubwa kifuani kwamba hazipitishi maji. Mteja akirudisha suruali iliyoloa, jibu ni lile lile: "Bosi, hiyo si mvua, ni jasho lako."

Tulimalize hilo la jasho kwanza. PVC, plastiki ya suti hizi, haipumui, na kwa joto letu la kando ya ziwa utatokwa jasho kabla hujafika Mamboleo. Hilo nakubali. Lakini jasho hutapakaa: mgongo, kwapa, mikono, unyevu mwembamba kila mahali. Mvua ina njia. Inaanzia msambani na kusambaa mapajani, au inafuata mstari wa zipu hadi tumboni, au inaingilia shingoni. Mgongo ukiwa mkavu na suruali ya ndani inakamulika, hilo si jasho.

Na kwa nini msambani? Kitambaa mara nyingi hakina kosa, kosa ni sindano. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo maana suti ya maana hufunikwa mishono yote kwa ndani na utepe unaobandikwa kwa joto, upana wa sentimita mbili hivi. Hizi zenu zina utepe mabegani, pale mteja anapopapasa akiwa dukani. Msambani, mishono minne inapokutana, hakuna kitu. Nacho kiti cha skuta ni beseni: maji yanateremka kutoka kifuani, yanajikusanya pale mbele, na mwendeshaji ameyakalia.

Mkiulizwa kipimo cha kuzuia maji mnajibu "elfu tatu" kana kwamba ni bei. Hizo ni milimita za maji: kitambaa cha 3,000 kinahimili uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita tatu kabla ya kupenyeza. Upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unasukuma kama kimo cha maji cha sentimita mbili tu, kwa hiyo koti la 3,000 linaweza kufaa. Kasheshe ni makalio. Mtu wa kilo 70 akikaa, anakandamiza kiti kwa wastani wa kama sentimita 70 za maji, na chini ya mifupa ya makalio ni mara kadhaa ya hapo, tena kwa safari nzima ya Busia au Kakamega. Suruali itafutwe ya 10,000 kwenda juu, hata kama koti ni la chini. Mnauza seti ya kipimo kimoja kwa sababu kushona seti ni rahisi.

Wanunuzi, msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Geuzeni suruali nje-ndani, shikeni msamba uwe kama mfuko, mimineni nusu lita ya maji, subirini dakika kumi huku mkikandamiza kwa kiganja. Utepe ukitoa hata tone, rudisha. Kwangueni ncha ya utepe kwa ukucha pia. Ukibanduka sasa, baada ya mwezi utakuwa unaning'inia. Muuzaji akikataa maji yasiguse mali yake ya mvua, mmeshapata jibu.

Linalonikera kuliko yote: mistari ya rifleketa inayoshonwa na fundi baada ya koti kutoka kiwandani. Mstari mmoja ni safu mbili za matundu, kifuani na mgongoni, bila utepe kwa ndani. Mmelitoboa koti kwa mkono wenu halafu mnalipandisha bei! Na nusu ya mistari hiyo ni plastiki ya rangi ya fedha tu. Rifleketa halisi inarudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo weka tochi ya simu kando ya jicho, simama hatua kumi, mahali penye giza. Ya kweli inawaka nyeupe, feki inabaki kijivu. Ule umanjano mkali ni wa mchana tu. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi lenye rifleketa, lakini askari wengi wanatazama rangi, na wauzaji wanalijua hilo.

Kuhusu "jaketi za kinga" zenye sponji ya kochi kwenye viwiko, sitapoteza muda. Toa pedi mfukoni uisome: iwe na EN 1621-1 (kiwango cha Ulaya cha pedi za kinga), picha ya pikipiki, na namba 1 au 2. Ikigongwa, ya ngazi ya 1 inapitisha kani isiyozidi wastani wa kilonewtoni 35, ya 2 isiyozidi 20. Herufi CE, alama ya Ulaya, peke yake kwenye mfuko wa nailoni haina maana.

NYONGEZA, kwa mnaouliza nini kivaliwe: jaketi la wavu lenye pedi ndani, koti la mvua juu yake, saizi moja zaidi. Jaribuni suruali mkiwa mmekaa, si mmesimama. Goti likikunjwa suruali hupanda, kwa hiyo iachwe ndefu ifunike gambuti, isichomekwe ndani. Mikono ya koti iwe juu ya glavu. Poncho hapana, inapeperuka na kunaswa na gurudumu. Na ile miavuli mikubwa ya boda, upepo wa pembeni ukiipata barabara ya Ahero, mtaelewana wenyewe.

NYONGEZA 2: aliyesema suti yake imeanza kunata na kubambuka, hiyo ni poliuretheni, plastiki inayopakwa kwenye kitambaa, iliyooza kwa unyevu na joto. Usiikunje mbichi chini ya kiti cha skuta, pale juu ya injini. Ianike kivulini, si juu ya mabati. Mshono unaovuja hupakwa gundi ya poliuretheni kwa ndani, tabaka mbili nyembamba, ikauke usiku kucha. Ya PVC inataka gundi ya PVC, hiyo nyingine itabanduka.