Kikundi: Wana wa Farajala (Bombo)

*Ijumaa*

Idi (Leicester): Asalamu alaykum ndugu zangu. Nimekwama. Babu Rehan haonekani popote.

Shangazi Mwajuma (Arua): Waalaykum salaam. Umekula lakini?

Idi: Nimekula shangazi. Sikilizeni. Mama mkwe wangu tulimtafutia babu yake kwenye sensa ya Uingereza ya 1921. Dakika kumi tu huyu hapa: jina, umri, kazi, nyumba aliyolala usiku ule, hata mpangaji wao yumo. Nikasema basi, na mimi nitamtafuta Rehan kwenye sensa ya Uganda ya 1911. Nimeandika Rehan Farajala, Rehani Farajalla, Rihan Faragalla. Miezi mitatu sasa. Hakuna kitu.

Kassim (Jinja): Miezi mitatu na mchango wa harusi yangu hujatuma 😂

Mwalimu (Bombo): Kassim tulia. Idi, hiyo ya 1921 waliifungua lini?

Idi: Januari 2022, Mjomba. Wanaifungia miaka 100 kwanza.

Mwalimu: Na ile ya 1931 ya Uingereza na Wales usiisubiri, iliteketea kwa moto 1942. Kwa hiyo hata kwao mambo hayajakamilika. Sasa ya kwetu. Tulihesabiwa 1911, 1921 na 1931, lakini kwa Mwafrika ilikuwa kuhesabu vichwa. Chifu anaambiwa lete idadi, anatuma watu wake, wanarudi na idadi. Wazungu na Wahindi ndio waliojaziwa karatasi. Babu yako hakuna karani aliyekaa kwenye mkeka wake kumwuliza jina.

Zaituni (Kampala): Ni kweli. Mimi nilikwenda hifadhi ya nyaraka ya taifa, pale Wandegeya, nikaomba sensa. Nilichopata ni ripoti ya 1948. Majedwali matupu. Kabila, wilaya, wanaume, wanawake. Jumla ya watu wa Uganda nzima 4,958,520.

Kassim: Basi babu yetu Jaja Farajala yumo. Ni ile sifuri ya mwisho.

Shangazi Mwajuma: 😂😂 Kassim una laana

Mwalimu: Wacheka, lakini mimi mwenyewe nilikuwa karani wa sensa Januari 1980. Kijana, nina baiskeli ya shule. Nimezunguka vijiji, nimenyeshewa, nimefukuzwa na mbwa, nimeandika majina mpaka kidole kikaota sugu. Baadaye vita, vurugu, fomu nyingi za mwaka ule zikapotea. Zilibaki jumla tu. Majina niliyoyaandika kwa mkono wangu hakuna wa kukuonyesha leo.

Zaituni: Banange. Pole Mjomba.

Idi: Nimetafuta pia kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile ya mtandaoni. Maana tumeambiwa siku zote Rehan alitoka Bombo na 4 KAR (batalioni ya nne ya King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) 1914 kwenda kupigana na Mjerumani Tanganyika, hakurudi. Jina hamna. Kwa hiyo hakufa?

Mwalimu: Usikimbilie huko. Waliokufa vita ile bila jina lao kuandikwa ni maelfu kwa maelfu, wapagazi hasa. Ukifika Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya askari wawili na mpagazi. Zunguka yote, hutaona jina la mtu. Kutokuwa kwenye orodha si dalili ya uhai wala ya kifo.

Hajati Mariam (Bombo): 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Idi: Niko kazini, siwezi kufungua sauti. Bibi yetu Jaja anasema nini?

Kassim: Mimi bando limekwisha.

Zaituni: Nawaandikia. Jaja anasema hivi: "Nyinyi watoto mnamtafuta Rehan Farajala. Huyo ni nani? Farajala ni kaka yake! Mtu anaitwa jina la baba yake, haitwi jina la kaka yake. Baba yao ni Mursal. Rehan Mursal. Akienda jeshini akiulizwa jina la pili atasema Farajala kwa nini, kazaliwa na kaka yake?" Halafu anacheka muda mrefu. Halafu jogoo anawika. Halafu anauliza nani kachukua sufuria yake kubwa siku ya maulidi.

Idi: Subhanallah.

Idi: Miezi mitatu!!

Shangazi Mwajuma: Sufuria iko kwangu Hajati, naileta na basi.

Zaituni: Lakini Jaja mbona hukutuambia mapema?

Hajati Mariam: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Zaituni: Anasema: "Mlinipigia kuniuliza namna ya kupika gurusa. Habari ya Rehan nani aliniuliza?"

Mwalimu: Kosa ni letu sisi wa zamani. Tulipoingizwa shule tuliambiwa kila mtoto awe na jina la ukoo, baba akatoa la baba yake, Farajala, likaganda. Kwenye vitambulisho limekwenda hivyo hivyo. Lakini kabla ya hapo hakukuwa na ukoo wa Farajala. Alikuwepo Farajala tu.

*Kassim amebadilisha jina la kikundi kuwa "Wana wa Mursal"*

Hajati Mariam: Rudisha

*Kassim amebadilisha jina la kikundi kuwa "Wana wa Farajala (Bombo)"*

Halima (Kibra, Nairobi): Asalamu alaykum, nilikuwa dukani sijasoma. Mursal mmesema? Hapa Makina kuna mzee, babu yake alikuwa KAR akatoka Uganda. Baada ya vita akapata pasi ya shamba, kile kibali cha kukaa na kulima, hapa Kibra kama wastaafu wenzake. Huyo babu nasikia alikuwa wa Mursal. Niende?

Idi: Nenda sasa hivi!

Mwalimu: Halima, nenda, lakini usimwambie chochote. Usitaje Bombo, usitaje Farajala. Mzee ukimpa jina atakuitikia kwa adabu tu, atasema ndiyo ndiyo huyo huyo, tutaondoka na ndugu wasio wetu. Mwache aseme mwenyewe.

Hajati Mariam: Amuulize binti wa kwanza wa Rehan aliitwa nani

Zaituni: Jaja leo ameandika kwa kidole! Kwa nini binti wa kwanza?

Hajati Mariam: Atakuwa na jina la mama yao. Silitaji hapa

*Jumamosi*

Halima: Nimetoka kwa mzee. Ana kopo la biskuti la bati, limejaa karatasi. Moja ni ya kuachishwa jeshi, imekatika kwenye mikunjo. Amekataa nisipige picha, anasema mtu wa damu aje mwenyewe. Nimesoma tu. Imeandikwa RIAN MORSAL, 4 K.A.R., umri 35.

Idi: Rian!! Nisingeandika hivyo hata miaka mia.

Mwalimu: Karani Mwingereza anaandika anavyosikia. Rehan, Rihan, Rian, yote yale yale masikioni mwake. Na huo umri msiupigie hesabu. Umri wa zamani ukiishia na sifuri au tano, karani alimtazama uso akakisia. Hata mimi nilifanya hivyo 1980, Mungu anisamehe.

Kassim: Basi tumempata. Harusi na sherehe ya ndugu tufanye siku moja, tuokoe hela.

Mwalimu: Bado. Rehan na Mursal ni majina ya kawaida kwa sisi Wanubi, uzao wa askari waliotoka Sudan, batalioni moja ingeweza kuwa nao watatu. Halima, binti wa kwanza?

Halima: Nilimuuliza shangazi zake, akawataja wanne kwa mpangilio. Wa kwanza Bakhita.

Zaituni: Jaja?

Zaituni: Jaja upo?

Hajati Mariam: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

Zaituni: Hakuna maneno. Anahema tu, halafu anasema "Bakhita" mara mbili.

Shangazi Mwajuma: Allahu akbar. Nimesimama jikoni mwenyewe nalia, vitunguu sijakata.

Mwalimu: Na Bakhita nao ni wengi.

Idi: Mjomba!

Mwalimu: Nasema tu. Mimi nataka kuiona karatasi. Ya kuachishwa jeshi huwa na alama za mwilini, kovu na kadhalika. Hajati, Rehan alikuwa na alama?

Hajati Mariam: Mama alisema alimwagikiwa na maji ya moto mkono wa kushoto, alikuwa mdogo

Halima: Sehemu hiyo ya karatasi iko chini ya mkunjo, mzee hakunikunjulia.

Kassim: Swali. Wakiwa ndugu zetu kweli, watatafuta vitambulisho vya Uganda? Katiba inataja Wanubi.

Mwalimu: Inataja makabila yaliyokuwemo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Na pia inataka mtu awe amezaliwa hapa. Usianze habari hiyo leo, watu hata hatujaonana.

Idi: Nani aende? Mimi natoa nauli ya kwenda na kurudi. Na mchango wa Kassim natuma, basi.

Kassim: 🙏🙏🙏

Afande Musa (Bombo): Naenda mimi.

Zaituni: Afande! Huwa huandiki humu mwaka mzima.

Afande Musa: Mimi ni mtu wa damu. Na karatasi za jeshi nazijua kusoma.

Shangazi Mwajuma: Subiri basi wiki ijayo, tukuandalie cha kubeba. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Mwalimu: Na nikuandikie maswali ya kuuliza.

Hajati Mariam: Abebe sufuria

Zaituni: Ya nini Jaja?

Hajati Mariam: Ilikuwa ya Bakhita

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi, na mimi nimepikia maharage ndani yake. Iko Arua, itafika kesho jioni.

Zaituni: Afande, mabasi ya Nairobi kupitia Busia yapo usiku. Nikukatie tiketi ya lini?

Afande Musa: Mimi tayari niko basi paki Kampala.

Zaituni: Afande rudi nyumbani, sufuria haijafika!