Mrejesho: yale mawano ya mishale ya marehemu babu

Wadau, niliuliza kuhusu mawano (vijiti vya mishale) 6 ya kahawia niliyoyakuta kwenye kasha la marehemu babu hapa Tanga: mbao, alumini au faibaglasi?

Ni faibaglasi. Nilimpelekea moja fundi wa boti kule Deep Sea, kwa wavuvi hapa Tanga. Akasugua ncha iliyokatwa kwa msasa, nyuzi za kioo zikaonekana zimelala kwa urefu, na ndani kuna tundu. Alumini ikipinda hubaki imepinda; faibaglasi hurudi ilivyokuwa, la sivyo huvunjika.

Mawili yalialika nilipoyakunja taratibu, na pamba niliyoyapitishia ikanasa vibanzi. Hayo nimeyatupa, tena nimeyavunja kwanza mtoto asiyaokote. Wano bovu likipasuka ukiachia upote (uzi wa upinde), vibanzi vinaingia mkononi. Manne mazima nayafunga manyoya mapya.

Asanteni sana.